Mvinyo wa choya: upewe muda, ukae mbali na mtoto

Chupa mbili za plastiki zimesimama kwenye mlango wa friji. Zote zilikuwa za maji ya dukani, na zote sasa zina kinywaji chekundu. Moja ina juisi ya choya iliyochemshwa jana. Nyingine ina mvinyo wa choya wa miezi miwili. Mama anajua ipi ni ipi. Mtoto wa miaka mitano aliyetoka kucheza juani hajui.

Choya, ambayo wengine huiita rozela, ni mmea wa nyumbani. Majani yake machanga huliwa kama mboga na maua yake mekundu hutoa juisi. Juisi hiyo ikitiwa sukari na hamira, ikaachwa ichache, inakuwa mvinyo. Wapo wanaotumia bitiruti, karoti au tangawizi, na utunzaji ni uleule.

Kinachowashinda wengi ni kusubiri. Wamezoea pombe za kienyeji kama ulanzi wa Iringa, ambao hunywewa mapema ungali mtamu. Mvinyo ni kinyume chake. Ukiwa mchanga hunuka hamira na kukwaruza koo; ukikaa, unatulia.

Kwanza mvinyo umalize kuchacha. Hamira inakula sukari na kutoa pombe na gesi. Mapovu yakiwa bado yanapanda na chupa ya kioo ikafungwa, gesi inakosa pa kutokea na chupa inaweza kupasuka. Nyumba yenye watoto haihitaji vioo vinavyoruka. Mapovu yakikoma kabisa, mvinyo uhamishwe kwa mpira safi hadi chombo kingine, mashapo yabaki chini. Baada ya mwezi hivi, kazi hiyo irudiwe. Sukari isiongezwe wakati wa kufunga chupa, kwa sababu huamsha hamira upya.

Kisha kuna joto. Ifakara iko bondeni, chini ya milima ya Udzungwa, na mchana chini ya bati hakuna mzaha. Joto huharibu mvinyo upesi. Pahali pazuri ni sakafuni, chumba cha ndani, mbali na jiko. Chupa zinaweza kufukiwa nusu kwenye ndoo ya mchanga wenye unyevunyevu. Mwanga nao hufifisha wekundu wa choya ukawa kahawia, hivyo chupa zifungwe kwa gazeti. Zijazwe hadi karibu na kizibo, kwani hewa ikibaki nyingi mvinyo hugeuka siki. Tarehe iandikwe. Miezi 3 ni mwanzo tu. Miezi 6 ni bora zaidi.

Siku ya kipaimara au Krismasi inapofika, kosa huwa ni kumimina mvinyo kama soda. Mvinyo wa nyumbani unaweza kufika asilimia 12 ya pombe. Kikombe cha mililita 300 cha mvinyo huo kina pombe nyingi kuliko chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5. Glasi ndogo ya mililita 100 hadi 150, pamoja na wali na samaki, inamtosha mgeni. Aambiwe kilichomo kabla hajapokea: wapo wasiokunywa kwa imani yao, wapo wanaotumia dawa, yupo atakayeendesha bodaboda kurudi nyumbani. Kwa mama mjamzito hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba, Machi 1, 2017, moja ya hoja ilikuwa jinsi vilivyowafikia vijana na wanafunzi kwa urahisi. Chupa ya maji iliyojaa mvinyo ndani ya friji ya familia humfikia mtoto kwa urahisi zaidi, maana hahitaji hata kwenda dukani. Pombe hushusha sukari kwenye damu ya mtoto mdogo. Anaweza kulegea, kusinzia, hata kupata degedege. Asilazimishwe kutapika, wala asiachwe alale kwa matumaini kwamba itamtoka yenyewe. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa aliyokunywa ichukuliwe ili mganga aione.

Kwa hiyo mvinyo na juisi visikae pamoja. Mvinyo uwe kwenye chupa ya kioo yenye kizibo na tarehe, ndani ya sanduku au kabati lenye kufuli. Ukihitaji kupozwa kwa ajili ya wageni, uingie kwenye friji wakati mtu mzima yupo, na utoke siku hiyohiyo. Mtoto akifungua mlango wa friji kutafuta kile kinywaji chekundu, akute chupa moja tu.