Njugu mawe: bei ni ya sokoni, gharama ni ya jikoni

Mbaazi, choroko na dengu zina bei inayojulikana katika masoko ya nafaka ya Dar es Salaam. Njugu mawe hazina. Anayezitafuta Tandale au Kariakoo hutembea kizimba hadi kizimba, akikuta nusu gunia hapa na madebe mawili kule, nyeupe, nyekundu na za madoadoa zikiwa zimechanganywa pamoja, na kila muuzaji akitaja bei yake. Wapo wanaosema kwamba hali hii ni dalili ya zao linalokufa. Hoja hiyo haina nguvu, kwa sababu walaji wa njugu mawe bado wapo na wanaziulizia. Kilichokosekana ni mfanyabiashara wa kukaa chini na kupiga hesabu ya zao hili hadi jikoni.

Njugu mawe ni jamii ya kunde ya hapa hapa Afrika. Zilikuwa zikilimwa barani humu kabla karanga, ambazo wazee bado huziita njugu nyasa, hazijaletwa kutoka Amerika ya Kusini. Huzaa ndani ya udongo kama karanga, huvumilia ukame na hukubali ardhi ambayo mahindi yameikataa. Ndiyo maana zinapatikana Dodoma, Singida, Mtwara na Ruvuma, mara nyingi katika vishamba vidogo vya akina mama. (Kongwa na Nachingwea ni maeneo ambako Waingereza walizamisha mamilioni ya pauni katika mradi wa karanga kuanzia mwaka 1947, wakauacha mwaka 1951. Hakuna aliyewashauri kuhusu njugu mawe.) Punje kavu ina protini karibu moja ya tano ya uzito wake na wanga karibu tatu ya tano. Mafuta ni kidogo, hivyo mkamuaji wa mafuta hazitaki, nazo hubaki kuwa chakula tu.

Tatizo la chakula hiki ni sufuria. Zikiwa mbichi hakuna taabu: huchemshwa na maganda yake kwa chumvi, na wachuuzi huziuza kwa kikombe hadi zikaisha. Zikikauka zinastahili jina lake. Mpishi huzichambua, huziloweka usiku kucha, humwaga maji yale na kuzichemsha kwa maji mapya kwa saa mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Ndipo huungwa kwa nazi na kitunguu, au huchanganywa na mahindi kuwa makande. Wapo wanaotia magadi ili ziive upesi, lakini magadi yakizidi kidogo ladha huharibika na mlaji hukumbuka.

Kwa mkazi wa mjini, saa hizo tatu ni mkaa au gesi. Mama anayepanga matumizi ya nyumba huongeza bei ya moto juu ya bei ya kilo, hata kama hasemi hivyo mbele ya muuzaji. Njugu mawe zinaweza kuwa rahisi kuliko maharage kwenye mizani, zikawa ghali zaidi zikifika mezani. Muuzaji anayepunguza bei bila kujua jambo hili hupunguza faida yake bure.

Kosa kubwa zaidi hufanyika ghalani. Mikunde ikikaa muda mrefu katika joto na unyevu huwa migumu kuiva, na njugu mawe haziachwi nyuma. Mfanyabiashara mwenye magunia mawili ya msimu uliopita huyamwaga kwenye manane ya msimu mpya akidhani ameokoa mali. Sufuria inapotoka jikoni, punje nyingi zimelainika na nyingine bado ni kokoto. Mpishi hawezi kuzitenganisha. Mteja huyo harudi, na lawama huziangukia njugu mawe zote za soko zima. Mzigo wa zamani heri uuzwe peke yake kwa bei ya chini, kwa mtu anayejua anachonunua, au upelekwe kusagwa unga.

Kuchanganya rangi nako kuna hasara yake. Nyeusi na nyekundu hutia mchuzi rangi, na mpishi wa nazi anapenda mchuzi mweupe. Kuchambua rangi ni kazi ya mikono isiyohitaji mtaji, lakini wengi hawaifanyi. Kuhusu maganda, anayenunua zisizobanguliwa alipie akijua kwamba sehemu ya uzito ni takataka. Kwa upande mwingine, ganda ni kinga dhidi ya wadudu wanaobungua kunde. Zikishabanguliwa zinahitaji mifuko isiyopitisha hewa, vinginevyo gunia litageuka unga lenyewe.

Baadhi ya wawekezaji wadogo huona jawabu ni kuuza nje. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2012 njugu mawe zina namba yake katika orodha ya forodha ya dunia, 0713.34, badala ya kufichwa ndani ya mikunde mingineyo. Lakini namba ya forodha hailipi mtu. Wakulima na wanunuzi wa mbaazi wanakumbuka Agosti 2017, India ilipoweka kikomo cha uagizaji na bei ya Tanzania ikaanguka, huku maghala yakiwa yamejaa. Milango ilifunguliwa tena mwaka 2021, ila mitaji mingine ilikuwa imekwisha. Zao linalotegemea mnunuzi mmoja wa ng'ambo si zao la kuanzia kwa mtu mwenye shilingi chache.

Soko lenye matumaini zaidi liko karibu, nalo ni la njugu zilizokwisha pikwa. Nigeria wanasaga njugu mawe, wanapika okpa na kuiuza asubuhi kwa wasafiri na wafanyakazi. Ghana iliwahi kuzisindika kwenye makopo. Hapa nchini, anayechemsha kilo 30 kwa pamoja katika sufuria moja kubwa hutumia moto kidogo kwa kila kilo kuliko nyumba 30 zinazochemsha kilo moja moja. Tofauti hiyo ndiyo faida yake. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, unaipa hesabu hii uzito zaidi: mpishi wa shule au wa mgahawa anayehama kutoka kuni hadi gesi ataanza kuhesabu dakika ambazo hapo awali hakuzihesabu. Muuzaji wa njugu zilizochemshwa, za kuungwa tu, ana la kumwambia mpishi huyo. Ugumu wake ni kwamba chakula kilichopikwa huharibika upesi, hivyo asiye na jokofu wala wateja wa uhakika wa kila siku aanze na kiasi cha kumalizika kabla ya jioni.

Na kabla ya kulipia mzigo, mnunuzi achukue vikombe viwili kutoka katika kila gunia, chini na juu, aviloweke usiku mmoja na kuvichemsha mbali mbali akiwa na saa mkononi. Gunia lenye punje ngumu baada ya saa tatu alirudishe kwa mwenyewe.