Nani Amesamehe Damu ya Pemba?

Ndugu Waislamu, kila inapotajwa damu iliyomwagika Visiwani kwa sababu ya uchaguzi, hujitokeza mtu, mara nyingine akiwa juu ya mimbari, akatukumbusha kuwa yaliyopita si ndwele. Methali hiyo ina mahali pake. Lakini aghalabu anayeisema si yule aliyefiwa.

Tuyataje yaliyotokea. Ijumaa ya Januari 26, 2001, polisi waliwaua kwa risasi watu wawili karibu na msikiti wa Mwembetanga, mjini Unguja, mmoja wao akiwa imamu. Kesho yake wafuasi wa CUF waliandamana kudai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe. Maandamano yalikuwa yamepigwa marufuku, na askari wakawafyatulia risasi Wete, Micheweni na Chake Chake. Tume ya serikali chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu waliokufa 31. Shirika la Human Rights Watch lilitaja wasiopungua 35 na majeruhi zaidi ya 600. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Askari naye aliuawa Micheweni, na warithi wake wana haki ile ile tunayoizungumzia hapa.

Oktoba 10, 2001 CCM na CUF wakatia saini Muafaka. Mwaka 2010 ikaundwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi wa 2015 ukafutwa, na watu waliofunika nyuso, walioitwa mazombi, wakawa wanapiga raia mitaani Unguja. Mwaka 2020 Pemba ikazika tena, na Disemba ya mwaka huo huo viongozi wakapeana mikono tena.

Hatuichukii suluhu, kwani suluhu ni kheri. Tunachokikataa ni dhana kwamba mkono wa kiongozi hufuta deni la damu. Viongozi waligawana vyeo, na hilo ni lao. Damu si yao. Sura Al-Israa, aya ya 33, imempa mamlaka mrithi wa aliyeuawa kwa dhulma. Msamaha basi umo mikononi mwa mjane na mayatima. Katibu wa chama hawezi kuutoa kwa niaba yao, ijapokuwa ni chama alichokifia marehemu.

Serikali nayo ina wajibu gani? Mwaka wa 8 Hijria Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin Walid (r.a.) kwa Banu Jadhima. Watu wale hawakujua kutamka vizuri kwamba wamesilimu, na Khalid akawaua baadhi yao na kuwateka wengine, kisha akaamuru kila mtu amuue mateka wake. Abdullah bin Umar (r.a.) akakataa, yeye na wenzake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), aliinua mikono akajitenga mbele ya Mwenyezi Mungu na kitendo cha Khalid. Waandishi wa Sira wanasimulia kuwa kisha alimtuma Ali (r.a.) na mali, akalipa dia ya kila aliyeuawa na thamani ya kila kilichoharibiwa, hata chombo cha kunyweshea mbwa.

Izingatieni habari hii. Kamanda ni Sahaba mkubwa, naye alikosea katika kufasiri. Hata hivyo hakuna aliyesema kuwa alikuwa kazini, wala kwamba waliouawa walijitakia wenyewe. Huku kwetu tume ilihesabu maiti, na wauaji hawakuhukumiwa.

Maimamu wetu, kabla ya kuhubiri kusameheana, nendeni majumbani mwa wafiwa mkawaulize wanadai nini. Huenda wengine wameshasamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na malipo yao ni makubwa. Wengine wataka tu kuambiwa nani aliyetoa amri. Tangu Oktoba 29, 2025, Tanzania Bara nayo ina wafiwa wa uchaguzi, na methali ile isitangulie kufika kwao kabla ya haki.

Wapo pia askari wanaosimama nasi safuni, nao wana fungu lao katika habari ya Ibn Umar, ambaye amri ya mkubwa wake haikumlazimisha kuua. Aliyefyatua risasi siku ile na bado yu hai, mlango wa toba uko wazi kwake. Lakini toba ya haki ya mja ina sharti la ziada, nalo ni kuirudisha haki kwa mwenyewe, na mwenyewe anajulikana nyumba yake.