Kazi ikihamia nyumbani, nani analipa umeme?

Tangu Januari 2025 kampuni ya Amazon inawataka wafanyakazi wake wa ofisini warudi kazini siku 5 kwa juma. Mwezi huohuo, siku alipoapishwa, Rais Donald Trump aliagiza watumishi wa serikali ya Marekani waache kufanyia kazi nyumbani. Wengine wetu tukisikia habari hizi tunacheka: mtu analalamika kwa sababu ameitwa ofisini! Lakini jambo hili limefika kwetu pia kwa njia nyingine, na linagusa jamaa nyingi za makanisa yetu.

Mwaka wa 2020 Korona ilifunga ofisi karibu dunia nzima. Hapa Kongo hali ya dharura ilitangazwa tarehe 24 Machi, na makanisa nayo yalifungwa kwa miezi. Ugonjwa ulipopungua, wakubwa wengi walitaka watu warudi, na wafanyakazi wengi hawakutaka. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024 juu ya wafanyakazi 1,612 wa kampuni ya Trip.com huko China ulionyesha kwamba waliofanyia kazi nyumbani siku 2 kwa juma hawakupitwa na wenzao, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Kwa hiyo tunadhani katika nchi hizo wengi wataishia kuchanganya ofisi na nyumba, hata kama wakubwa wanapiga kelele.

Kwetu mashariki ofisi zimefungwa kwa sababu nyingine. Vita vilipofika Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katika Februari, mabenki yalifunga milango, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Baadhi ya ndugu zetu waliobaki na kazi wanaifanyia kwenye meza ya chakula: hesabu, ripoti, na mikutano ya simu na wakubwa walio mbali.

Faida ipo. Mtu halipi moto kila asubuhi, hapiti njia ya hatari, na anakula pamoja na watoto wake. Lakini ofisini mwajiri ndiye aliyelipa umeme, jenereta, intaneti na mlinzi. Nyumbani mzigo huo unahamia kimyakimya kwa mfanyakazi. Ananunua mega kwa mshahara wake uleule, na umeme ukikatika anazunguka avenyu akitafuta pa kuchaji. Katika nchi ambayo karibu watu 4 kwa 5 hawana umeme, kijana wa Masisi au Kalehe mwenye diploma ileile hana hata pa kuanzia.

Tena nyumba zetu ni ndogo na zimejaa, hasa zile zilizopokea ndugu waliokimbia. Baba akifungua kompyuta, watoto wananyamazishwa. Mama akifungua yake, anaitwa jikoni, kwa kuwa yuko nyumbani na watu wanaona hana kazi. Ataimaliza usiku, wengine wamelala.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Mashirika yakizoea kuongoza kazi ya Kivu kwa simu, yanaweza kuona hakuna haja ya kurudi. Hapo hali ya mjane wa Minova itaandikwa na mtu ambaye hajawahi kuketi naye.

Maandiko yanatusaidia kufikiri. Huko Korintho Paulo alikaa kwa Akila na Prisila, wakashona mahema pamoja (Matendo 18). Nyumba ilikuwa mahali pa kazi, na hakuna aibu ndani yake. Paulo huyohuyo alifanya kazi kubwa kwa barua, lakini katika Warumi 1 anaeleza hamu yake ya kuwaona wale anaowaandikia. Barua haikuondoa haja ya kuonana. Nayo amri ya sabato katika Kutoka 20 inataja pumziko la mtumishi pia. Mkubwa anayetuma ujumbe saa 4 usiku na kungoja jibu amelisahau pumziko hilo.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, waajiri Wakristo, zikiwemo shule, hospitali na ofisi za jumuiya zetu, waandikiane mapatano na wafanyakazi: nani analipa mega na umeme, kazi inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi. Pili, sisi wababa tuiheshimu kazi ya mama nyumbani kama tunavyotaka yetu iheshimiwe. Tuwashike watoto saa ya mkutano wake. Tatu, parokia zenye umeme wa jua zifungue chumba kimoja kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, vyumba ambavyo mara nyingi vinakaa bure. Wamama na vijana wenye kazi za kompyuta waketi humo na kuchangia kidogo kwa ajili ya betri. Watapata mwanga na utulivu, na tena watapata watu wa kusalimiana nao.

Mabenki na mashirika yatarudi siku ambayo sisi hatuijui. Chumba cha kanisa tunaweza kukifungua Jumatatu hii. Bwana abariki kazi ya mikono yenu, popote mnapoifanyia.