Nafasi ya profesere haiombwe mu koridori



Wiki iliyopita nilisoma tangazo moja la kazi mara ine, na ile kazi siwezi hata kuiomba. Iniversite moja ya Ujerumani inatafuta profesere wa nerosiyansi ya hesabu. Ni elimu ya kutumia hesabu na ordinatere ili kuelewa ubongo: namna neva zinatumiana umeme, namna mutu anakumbuka, namna kifafa kinaanza. Mimi niko na lisansi ya fizike, sina dokta. Toka nimalize masomo natengeneza telefone na kufundisha watoto wa majirani hesabu.

Lakini nilisoma mupaka mwisho, juu kazi yangu ya mwisho wa masomo ilikuwa juu ya jambo hilo. Niliandika juu ya ekwasio ine za Alan Hodgkin na Andrew Huxley, Waingereza wawili ambao mwaka wa 1952 walionyesha namna umeme unapita katika neva kubwa ya ngisi. Wakati ule ordinatere ya Cambridge ilikuwa imesimamishwa, iko inatengenezwa. Basi Huxley akafanya hesabu zake kwa mashini ya kuzungusha na mukono. 1963 wakapewa Nobel. Kila mara umeme ulipokatika kwetu nyumbani, nilikuwa namukumbuka huyo muzee.

Turudilie tangazo. Ndani kuko tarehe ya mwisho, karatasi za kuleta, masomo ya kufundisha, na nani atapokea dosye. Kule sheria inaomba nafasi ya profesere itangazwe wazi, hata inje ya inchi, isipokuwa katika mambo machache. Halmashauri ya kuchagua inakuwa na maprofesere, na wanafunzi pia wanakaa ndani. Wanafunzi! Mwenye kuomba anakuja, anatoa somo mbele ya watu, anaulizwa maswali. Na kuko kizuizi kimoja chenye kilinishangaza sana: mutu hapandishwe kirahisi kuwa profesere katika nyumba ileile yenye ilimulea. Aende kwanza kufanya kazi kwengine, ajulikane.

Sisemi Ulaya ni mbinguni. Mwaka wa 2021 watafiti vijana wa Ujerumani walijaza mitandao na malalamiko juu ya mikataba mifupi mifupi yenye haiwapeleke popote. Lakini angalau wanajua mulango wa kuingilia uko wapi.

Sasa kwetu. Nilimaliza na distinksio. Nikapeleka dosye ya asistanti katika fakilte moja, jina nabakiza. Sekretere, mama muzuri tu, akaniambia: "Mutoto wangu, hakuna nafasi." Nikarudi nyumbani. Kisha miezi tatu nikasikia kijana wa promosio yangu iko anasimamia mazoezi ya wanafunzi kama asistanti. Kwenye valvu hakukubandikwa karatasi hata moja. Simuchukii. Anajua kazi, na pengine angenishinda katika konkuru. Lakini konkuru haikufanywa, kwa hiyo hata yeye hatajua kama alishinda. (Na bado wanamufundishisha bila mushahara, lakini hiyo ni barua ingine.)

Najua wengine wenu mutacheka: nerosiyansi ya hesabu, wakati auditwari inavuja mvua? Ndiyo. Konzo, ule ugonjwa wa muhogo wenye haukulowekwa vizuri, wenye unapoozesha miguu ya watoto na wamama, ulielezwa na waganga mwaka wa 1938 huko Kwango. Ugonjwa wa usingizi, ule wa mbungo, unaingia mupaka katika ubongo, na kwa miaka mingi Kongo ndiyo ilikuwa na wagonjwa wengi kupita inchi zote. Wagonjwa wako huku. Tukose watu wa kuhesabu, hesabu zao zitafanyiwa kwengine. Na elimu hii haiombe labo ya mamilioni: inaomba ordinatere, intaneti yenye haikatike kila saa, na mwalimu. Cape Town, toka 2017, vijana wa Afrika wanakutana kila mwaka kwa wiki chache kujifunza jambo hilihili.

Mwalimu huyo atatoka wapi? Hapo ndipo siri inaharibu kila kitu. Mutu wa elimu hii anaweza kuwa muganga, mutu wa fizike, wa hesabu, ao wa informatike. Hakuna fakilte yenye iko na "mutoto wake" tayari wa kumupa nafasi. Pengine iko Kisangani. Pengine iko anafundisha Ubelgiji na anatamani kurudi. Nafasi ikinong'onwa mu koridori, atasikia tu ule mwenye anasimama mu koridori. Kwa masomo ya zamani, koridori inaweza kubahatisha na kutoa mwalimu muzuri. Kwa masomo mapya haiwezi, juu mutu mwenyewe hajawahi kupita pale.

Kwa hiyo tunaomba makomite ya iniversite zetu na ministere ya masomo ya juu kitu chenye hakigusi bajeti: karatasi. Kila nafasi, ya asistanti ao ya profesere, ibandikwe kwenye valvu na iwekwe kwenye mitandao angalau mwezi muzima mbele ya kufungwa. Iseme inatafuta nini na nani atachagua. Mwenye kuomba atoe somo moja mbele ya wanafunzi, mulango wazi. Kisha watangaze nani alichukuliwa na kwa sababu gani, hata mistari mitatu inatosha.

Nawe mwenye unasoma hii: kesho ukipita kwenye fakilte yako, piga picha ya valvu. Andika tarehe. Kama kuko tangazo la kazi, tutumie, tutalisambaza kwa wote. Kama hakuna, tutumie vilevile. Na ukimuona mwalimu mupya mwenye hakutangazwa, muulize doyeni kwa heshima, kwa maandishi, na ubakie na kopi yenye akize resepsio.