Kinshasa: saa mbili angani, saa tatu kwenye tiketi

Mama mmoja wa chama ametuuliza hivi: tiketi ya mtoto wake inaonyesha muda wa saa moja tu kwenda Kinshasa, lakini kurudi Lubumbashi ni saa tatu. Ndege ni ile ile, njia ni ile ile. Anaogopa kwamba wamemwandikia vibaya.

Hapana mama, tiketi ni sawa. Kutoka Luano mpaka N'djili ni karibu kilometa 1,570 kwa njia ya hewa. Ndege isiyosimama njiani inatumia saa mbili hivi, pengine na dakika kidogo juu yake. Lakini Kongo yetu haina saa moja kwa wote. Sisi wa Katanga, pamoja na ndugu wa Kasai na Kivu, tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Na tiketi inaandika saa ya mahali ndege inapoondokea, kisha saa ya mahali inapofika.

Mtoto akiondoka hapa 10h00, yaani saa nne ya asubuhi, atafika wakati huku ni saa sita, lakini Kinshasa watasema ni saa tano. Akiondoka kule 15h00, anafika Luano 18h00, na giza linaanza kuingia. Anayekwenda kumpokea ajipange mapema.

Hesabu hii inauma zaidi siku ya matanga. Tukipanga mazishi saa sita hapa, na ndugu wa Kinshasa wakapanda ndege ya saa mbili asubuhi ya kwao, watashuka Luano saa tano yetu. Bado kungoja mizigo, bado barabara ya kuingia mjini. Ndege ikichelewa kidogo, watakuta kaburi limefunikwa. Mtu asikose kumuaga mama yake kwa ajili ya saa moja ambayo hakuna aliyeihesabu. Heri wafike siku moja mbele, au mazishi yasogezwe mchana.

Na mama zetu wanaofuata bidhaa Dar es Salaam? Kwa njia ya hewa kule ni karibu kilometa 1,400, karibu kuliko mji mkuu wetu wenyewe! Ila Dar wako mbele yetu kwa saa moja. Ukifika unasogeza saa yako mbele. Ukienda Kinshasa unairudisha nyuma.

Basi kila simu ya safari, ya kilio au ya harusi, tusiulize tu "Saa ngapi?" Tuongeze: "Saa ya wapi?" Halafu tuandike jibu kwenye karatasi, tulisome pamoja na wale wanaobaki nyumbani.

Safari njema, wamama.