Shelly Haikuzaliwa Kimya

Madalali wa viwanja wa Likoni wana wimbo mmoja. Ploti iko Shelly Beach, mstari wa pili kutoka baharini, pahali patulivu, upepo mwanana, na bei bado iko chini. Nunua leo, maana daraja la kutoka kisiwani Mombasa likija, bei itapanda mara tatu. Wanaoimbiwa hivi ni watu wenye akili zao timamu: mwalimu wa Nairobi anayekaribia kustaafu, binti wa Kilifi aliye muuguzi Uingereza, mzee wa Kijerumani aliyeoa Diani. Wote huitikia kwa kichwa. Sijasikia hata mmoja akimuuliza dalali: hilo daraja likija, huo utulivu utakwenda wapi?

Hapo ndipo kichekesho kilipo. Ukimya wa Shelly na bei yake nafuu vimezaliwa na mama mmoja, nao ni ugumu wa kuvuka. Ugumu ukiondoka, bei inapanda na malori yanaingia. Usipoondoka, umepata ukimya wako, pamoja na kiwanja ambacho mwanao atahangaika kukiuza. Dalali amekuuzia vitu viwili vinavyolana, na wewe umetia sahihi ukitabasamu.

Tumeaminishwa kwamba pwani iliyo kimya ndiyo pwani salama, ya kuishi na ya kuweka akiba. Mimi nasema ukiona ufuo mzuri, wa kwanza kabisa ukishavuka feri kutoka kisiwani Mombasa, na hauna watu, usifurahi haraka. Uliza waliondoka lini.

Jibu lina tarehe. Usiku wa Agosti 13, 1997, genge lenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua polisi, likabeba bunduki, kisha likawageukia watu waliotoka bara. Zaidi ya watu mia moja waliuawa katika machafuko hayo, na wanaokadiriwa kufika laki moja wakahama makwao. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba ya mwaka huohuo, na tume ya Jaji Akiwumi baadaye ilikuta mkono wa siasa ndani ya damu ile. Watalii wakakatiza safari zao. Hoteli zikakosa wageni, nyingine hazikufunguka tena, na mpishi, mfua shuka, mchonga vinyago na kijana wa mtumbwi wa kioo wote wakabaki mikono mitupu. Pwani ilipoanza kupata nafuu, ikaja 2014: watu waliokuwa kanisani Likoni wakapigwa risasi mwezi Machi, na mwezi Mei Uingereza ikawaonya raia wake wasije Mombasa, hata kampuni za utalii zikawarudisha wageni kwao likizo ikiwa bado mbichi.

Ukimya uliobaki ndio huo unaopigwa picha kwa droni na kuitwa paradiso.

Na ardhi yenyewe haijanyamaza. Katika vurugu zilezile za 1997, shamba la ekari 930 la Evanson Waitiki, hapahapa Likoni, lilivamiwa na watu waliosema hawana kwingine pa kwenda. Ilichukua karibu miaka ishirini serikali kulinunua, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaja kugawa hati kwa walioishi humo, huku wakidaiwa fedha za kununulia mahali walipokwisha kuzika wazee wao. Mzizi wake ni mrefu zaidi: sheria ya kikoloni ya 1908 iliwataka wenye ardhi wa ukanda huu wapeleke madai yao, na ambaye hakudai, shamba lake likahesabiwa mali ya serikali. Mmijikenda wa kawaida alijulia wapi? Ndiyo maana Mombasa utamkuta mtu mwenye nyumba ya mawe, vyumba sita, na ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine.

Hapa wengi hunijibu kwa kunipungia karatasi. "Ndugu yangu, mimi nina hatimiliki, na nimefanya upekuzi ofisi ya ardhi." Vyema. Basi sikiliza habari ya kiwanja kimoja cha ufuoni Nyali. Kilitolewa mwaka 1989 kwa Rais Moi, kikauzwa, kikauzwa tena, mpaka kikafika kwa kampuni ya Dina Management, yenye hati mkononi. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikaja na mashine, ikaangusha ukuta ili wananchi wapate njia ya kwenda baharini. Kampuni ikashtaki, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Aprili 21, 2023 majaji wakaamua kwamba kiwanja kilikuwa cha umma, kilitolewa bila kufuata sheria, na hati ya namna hiyo haisafishiki kwa kuuziana. Kununua kwa nia njema hakukumsaidia mnunuzi. Sasa tembea Shelly uhesabu kuta zilizosimama pale palipokuwa na njia ya wavuvi.

Mengine nayapitia mbio. Picha za dalali zilipigwa Januari. Nenda Julai, kusi likivuma, ukute mwani umelundikana hadi magotini, umegeuka kahawia, unanuka, na nzi wake hawaogopi mtu. Kisima cha karibu na bahari hutoa maji ya chumvi, kwa hiyo ya kunywa yatakuja kwa mkokoteni, mitungi ya lita ishirini. Likoni haina bomba la majitaka. Kila nyumba na shimo lake, juu ya mwamba wa matumbawe unaovuja kama chekeche, na kisima cha jirani kiko hatua chache tu. Barabara ya Dongo Kundu imekamilika, ni kweli, lakini inakupeleka Miritini, upande wa bara. Kazi ya kisiwani na Hospitali Kuu ya Pwani bado zinataka feri, pamoja na watu zaidi ya laki tatu wanaovuka kila siku, katika mkondo ambao mwaka 1994, pale Mtongwe, ulimeza watu 272. Daraja lenye ufadhili wa Japani tunaahidiwa.

Watu ninaowaona wakiishi raha Timbwani, hapahapa Likoni, hawakuutafuta ukimya. Walijenga karibu na msikiti, duka na kituo cha tuktuk. Gari geni likizima taa kando ya ukuta wako saa tisa usiku, muuza mahamri aliyeamka kukanda unga ameshaliona, na kufikia alfajiri mtaa mzima una habari. Askari wa kampuni, maskini, analala kwenye kibanda chake saa sita.

Utasema nafukuza wawekezaji. La, nataka waje, ila waje kwa ajili ya watu. Dongo Kundu imetengewa eneo maalumu la kiuchumi la ekari zipatazo 3,000. Likijaa viwanda kama inavyokusudiwa, Likoni itahitaji vyumba vya kupanga, zahanati, shule za chekechea na mikahawa inayofunguliwa saa kumi alfajiri. Atakayejenga hivyo kelele zitamlipa kodi. Aliyenunua kuzikimbia atauza kwa hasira, tena kwa dalali yuleyule.

Kama bado roho yako iko Shelly, mwambie dalali akupeleke kwa miguu, wakati wa kusi, maji yakiwa yamejaa, kwa njia ambayo wavuvi hupitisha nyavu zao. Akianza kukuzungusha mpaka lango la nyuma la mtu, rudi feri mapema kabla msongamano wa jioni haujaanza.