Kashikishi: Usafi wa mahali pa kazi, mchana au usiku?

Katika mji wa Kashikishi, wilayani Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, kazi ya usiku si jambo geni. Jua linapotua upande wa Kongo, wavuvi wa dagaa, ambao katika ukanda huu huitwa chisense, huingia Ziwa Mweru na taa zao, na mavuno hufika ufukweni alfajiri, tayari kuanikwa juani. Ni rahisi kudhani kwamba mji uliozoea kuvua usiku unaweza pia kufagiliwa usiku. Lakini mvuvi huingia ziwani gizani kwa sababu dagaa hufuata mwanga wa taa. Mfanya usafi hupangiwa usiku, mara nyingi, kwa sababu tu kuna mtu asiyependa kuvuka sakafu yenye maji akiwa kazini.

Utaratibu huo ulikomaa katika ofisi za miji mikubwa. Wasemaji wengi wa Kiswahili walioko Ulaya na Amerika Kaskazini wanaujua vizuri: kuingia wengine wanapotoka, na kuondoka kabla hawajarudi. Kampeni ya ujira wa kuishi iliyoanza mashariki mwa London mwaka 2001 ilipata nguvu kwa sababu wafanya usafi wa usiku katika majengo ya mabenki ya Canary Wharf walijitokeza hadharani, watu ambao wenye ofisi hizo walikuwa hawajapata kuwaona. Katika nchi za Skandinavia, kwa upande mwingine, ofisi husafishwa zaidi mchana, na kazi zinaendelea. Hakuna kanuni ya usafi inayodai giza.

Kuna pia suala la afya. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili kuwa jambo ambalo huenda likasababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2019 likathibitisha tathmini hiyo kuhusu zamu za usiku. Mkataba namba 171 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unaichukulia kazi ya usiku kuwa kazi ya pekee, inayostahili kupimwa afya na kulipwa fidia. Hayo yanahusu dunia nzima. Kashikishi ina sababu zake yenyewe, na ndizo nzito zaidi.

Dirisha, mbu na klorini

Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye maambukizi makubwa zaidi ya malaria nchini Zambia, na kwa miaka mingi watafiti wamekuwa wakiufuatilia ugonjwa huo kando ya Ziwa Mweru. Mbu anayeongoza huko ni Anopheles funestus, ambaye hupenda kuuma ndani ya nyumba, hasa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Vyandarua vinavyogawiwa na serikali hutundikwa juu ya vitanda. Humlinda aliyelala, mtu anayepiga deki ukumbini saa nane za usiku hana chandarua.

Anaweza kufunga madirisha, ila hapo ndipo linapoanza tatizo la pili. Dawa inayotumika zaidi katika usafi wa hospitali na vyoo vya umma ni klorini. Kwa damu na majimaji mengine ya mwili huchanganywa kwa nguvu ya asilimia 0.5, nayo hupungua nguvu ikikaa, hivyo huchanganywa upya kila siku. Mvuke wake huwasha macho na kubana kifua katika chumba kisichopitisha hewa. Mfanya usafi wa usiku anachagua basi kati ya mbu na mvuke. Mwenzake wa mchana hufungua dirisha, akapata hewa na, jambo linalosahaulika, akauona uchafu wenyewe.

Mwanga nao si wa uhakika. Mwaka 2024 ukame ulimlazimu Rais Hakainde Hichilema kutangaza janga la kitaifa tarehe 29 Februari. Maji ya Kariba yalishuka, na mgao wa umeme ukazidi saa 17 kwa siku katika maeneo mengi ya nchi. Kituo cha kazi kinachotegemea pampu ya umeme hukosa taa na maji kwa pamoja. Sakafu iliyooshwa kwa mwanga wa simu na ndoo moja ya maji haijaoshwa.

Yapo maeneo yasiyo na uchaguzi. Hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo, iliyoko hapo hapo Kashikishi, ni mahali ambapo watoto huzaliwa saa zote, na damu iliyomwagika saa tisa za usiku haiwezi kungoja mapambazuko. Huko hoja ni kupunguza kazi ya usiku hadi ile ya lazima, na kuiacha deki kuu ya korido na vyumba vya wagonjwa wa nje kwa saa za mwanga, sehemu moja baada ya nyingine. Soko la samaki nalo lina saa zake: alfajiri limejaa watu na mzigo, hivyo nafasi halisi ya kuliosha ni baada ya wanunuzi kutawanyika. Nchelenge ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopata wagonjwa wa kipindupindu mapema mwaka 2023. Anayesema soko litafagiliwa usiku aeleze kwanza ni nani atakayeyaona maji machafu yaliyotuama chini ya meza.

Wanaopoteza mchana

Hata hivyo, zamu ya mchana si zawadi kwa kila mtu. Kwa mwanamke anayeanika na kuuza dagaa ili kuongezea ujira mdogo, saa za asubuhi ndizo za soko. Akihamishiwa usafi wa asubuhi anapoteza pato la pili. Pigo hilo ni dogo kidogo kati ya Desemba na mwisho wa Februari, wakati wa marufuku ya uvuvi ya kila mwaka, lakini miezi tisa inabaki.

Kuna pia Wakongo wanaozungumza Kiswahili, wengi wakiwa walikimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika mwaka 2017 na kuhamishiwa makazi ya Mantapala, katika wilaya hiyo hiyo, kuanzia mwaka 2018. Mkimbizi nchini Zambia huhitaji kibali ili kutoka nje ya makazi. Mtu mwenye karatasi hiyo akikutwa barabarani saa tano za usiku na ndoo mkononi ana mengi zaidi ya kueleza kuliko akikutwa mchana, hata kama kila kitu kiko sawa.

Kwa hiyo alasiri ndiyo inayoelekea kufaa zaidi. Ofisi inayofungwa saa kumi na moja jioni inaweza kuanza kusafishwa saa tisa, chumba kimoja kimoja, maofisa wakisogeza viti na kuvumilia sakafu yenye maji kwa robo saa. Asubuhi inabaki ya dagaa, na mfanya usafi anafika nyumbani kabla ya giza kuingia na mbu kuanza kazi yao.